Karatasi za Marafiki: Watumwa wa Pemba katika Maandishi ya Wakweka

Huku Songwa, katika mkoa wa Shinyanga, watu huzoea kupima historia kwa vitu vinavyoonekana. Lipo bwawa, ambalo maji yake yamekuwa yakitumiwa na mgodi wa almasi wa Mwadui. Upo mgodi wenyewe, uliotokana na ugunduzi wa John Williamson wa mwaka 1940. Zipo mbuga za pamba na makaburi ya wazee. Mwalimu akisimama mbele ya darasa na kuanza kusimulia habari za mikarafuu ya Pemba, wanafunzi humsikiliza kwa adabu, lakini nyusoni mwao swali limekwisha kuandikwa: mambo ya visiwani yatuhusu nini sisi wa bara?

Swali hilo ni la haki, wala halistahili kujibiwa kwa maneno ya jumla kwamba sisi sote ni taifa moja. Jibu langu ni hili: sehemu ya habari za watu wa bara, wakiwemo watu wa Usukuma na Unyamwezi, haikubaki bara. Ilichukuliwa na miguu ya wapagazi mpaka pwani, ikavuka bahari, ikaandikwa kwa kalamu za wageni na kuwekwa katika nyumba za nyaraka. Miongoni mwa wageni hao walikuwamo watu wachache wa madhehebu ya Kikristo yanayoitwa Wakweka, ambao wenyewe hujiita Marafiki. Vijitabu vyao na kumbukumbu zao zinastahili kusomwa na mwanafunzi wa Tanzania, lakini zisomwe kwa macho mawili.

Madhehebu haya yalizaliwa Uingereza katika miaka ya 1650, wakati wa mahubiri ya George Fox. Katika ibada yao ya asili hapana kasisi wala mimbari. Watu huketi kimya mpaka mmoja aguswe moyoni na kusema. Hukataa kula kiapo na hukataa kwenda vitani. Lakini kwa mtu atafutaye historia, tabia yao iliyo kubwa kuliko zote ni kuandika. Kila mkutano wao una karani, na karani huyo huandika lililokubaliwa papo hapo, kisha husoma maandishi yake mbele ya wote ili wayathibitishe. Ndoa, vizazi, vifo, michango ya fedha, maonyo kwa aliyekosa, yote yaliingia daftarini. Watu walioteswa na serikali ya nchi yao kwa ajili ya imani walijifunza mapema kwamba aliyedhulumiwa asipotunza karatasi, mdhalimu wake atakuwa shahidi wa pekee.

Tabia hiyo ya kuandika ndiyo iliyowapa silaha walipoanza kupinga utumwa. Nao hawakuanza wakiwa safi. Wakweka wengi wa Marekani walikuwa na watumwa, na baadhi yao walifanya biashara ya watumwa. Mabishano yao yalidumu kwa miaka mingi tangu waraka wa malalamiko ulioandikwa Germantown, Pennsylvania, mwaka 1688. Mwaka 1776 ndipo mkutano mkuu wa Philadelphia ulipokataza kabisa mwanachama wake kumiliki mtumwa. Katika mabishano hayo mwalimu mmoja wa shule, Anthony Benezet, alitunga vijitabu vilivyovuka bahari na kusomwa London. Nawakumbusha walimu wenzangu jambo hili kwa kuwa halisemwi mara nyingi: mmoja wa watu waliotikisa biashara ile alikuwa mtu wa chaki kama sisi.

Mwaka 1787 ilipoundwa kamati ya London ya kupinga biashara ya watumwa, wajumbe wake walikuwa 12, na 9 kati yao walikuwa Wakweka. Mchapaji James Phillips, naye Mkweka, ndiye aliyewachapia. Kijitabu cha siku zile kilikuwa na kurasa chache na bei ndogo, kikapita kutoka mkono hadi mkono. Kilisomwa kwa sauti nyumbani na mikutanoni. Kazi yake ilikuwa kumfanya mtu asiyewahi kumwona mtumwa aone aibu ya kula sukari iliyotokana na jasho la mtumwa. Yaani kijitabu kiliandikwa ili kishawishi. Jambo hili tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Sasa tuje kwetu. Unguja na Pemba zilikuwa zimegeuzwa, katika karne ya 19, kuwa nchi ya mikarafuu, na mikarafuu ile ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa kutoka bara. Aprili 1872 kimbunga kikali kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba iliponea. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa ghala kuu la karafuu. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Sayyid Barghash alilazimishwa na Waingereza kutia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yake. Agosti 1890 Sayyid Ali bin Said alitoa amri ya kukataza watumwa kuuzwa na kununuliwa. Msomaji aangalie vizuri: biashara ilikatazwa, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali. Aliyekuwa mtumwa shambani Chake Chake mwaka 1889 aliamka mtumwa mwaka 1891, na bendera ya Uingereza ikimpepea juu ya kichwa, kwa kuwa Zanzibar ilikwisha kuwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka huo wa 1890.

Fedheha hiyo ndiyo iliyowaamsha tena Wakweka na wenzao. Mwaka 1895 chama cha Uingereza cha kupinga utumwa, ambacho Wakweka walikuwa nguzo yake tangu kilipoundwa mwaka 1839, kilimtuma Donald Mackenzie aje Unguja na Pemba ajionee. Ripoti yake ilichapishwa na kuenezwa. Mashujaa wa mahubiri ya Livingstone walistuka kusikia kwamba serikali yao wenyewe ndiyo inayolinda utumwa. Bungeni London, Joseph Pease, wa ukoo mashuhuri wa Kikweka, aliisumbua serikali kwa maswali. Nao Marafiki wenyewe waliunda kamati yao, wakawatuma Henry Stanley Newman, mhariri wa gazeti lao, pamoja na Theodore Burtt, kuja kutafuta mahali pa kufanyia kazi. Walifika mwanzoni mwa mwaka 1897. Walinunua shamba la mikarafuu mahali paitwapo Banani, karibu na Chake Chake. Newman akarudi kwao, akaandika kitabu alichokipa jina la shamba hilo, Banani, kilichochapishwa London mwaka 1898. Burtt akabaki, na akakaa Pemba kwa miaka mingi.

Mwezi Aprili wa mwaka huohuo 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyewekwa kitini na Waingereza baada ya mizinga yao kuipiga ikulu Agosti 1896, alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa mbele ya sheria. Katika vitabu vingi vya shule hapo ndipo habari inapoishia: mwaka 1897, utumwa ukakomeshwa Zanzibar. Mwanafunzi huandika tarehe, hupata alama yake, husahau. Lakini tuisome amri ile kama ilivyokuwa.

Amri haikusema kwamba kuanzia leo watumwa wote ni huru. Ilisema kwamba mahakama hazitatambua tena haki ya mtu kumiliki mwenziwe. Kwa hiyo aliyetaka uhuru alipaswa yeye mwenyewe kutoka shambani, kwenda kwa wakuu wa wilaya na kuudai. Akiisha kuupata, alitakiwa aonyeshe kwamba ana makao na njia ya kujipatia riziki. Asipoweza, alihesabiwa mzururaji. Bwana aliyempoteza mtumwa kihalali aliweza kulipwa fidia na serikali. Mtumwa hakulipwa kitu. Na masuria, wale wanawake waliofungwa ndani ya nyumba za mabwana, waliachwa nje ya amri ile, isipokuwa kama wangethibitisha kutendewa ukatili. Mpaka mwaka 1909 ndipo sheria mpya ilipokomesha mabaki ya utumwa huo.

Jiulize, ndugu msomaji: mwanamke aliyeletwa Pemba akiwa mtoto, asiyejua kwao ni wapi, asiye na ndugu kisiwani wala shamba wala nyumba isipokuwa kibanda cha bwana wake, angeonyesha nini mbele ya hakimu? Makao yake yalikuwa yaleyale aliyotaka kuyakimbia. Mlango wa uhuru ulifunguliwa, lakini kizingiti chake kiliwekwa juu mno.

Hapa ndipo maandishi ya Wakweka yalipofanya kazi ya kweli. Burtt na wenzake hawakukaa London wakisoma maneno ya amri. Walikaa Chake Chake, wakaona ni nani anakwenda kudai na ni nani anaogopa. Waliandika kwa kamati yao kwamba njia ya uhuru ni ngumu. Barua hizo zilipita kwa karani, zikasomwa mkutanoni, zikachapishwa, zikatumiwa kuibana serikali. Upande wa pili serikali nayo iliandika. Konseli Mkuu Arthur Hardinge alitetea mwendo wa polepole. Aliogopa kuanguka kwa mapato ya karafuu na kuchukiza wenye mashamba. Pemba alikuwako makamu wa konseli, O'Sullivan-Beare, na kamishna wa mambo ya utumwa, J. P. Farler, ambaye zamani alikuwa kasisi wa misheni ya Magila huko Usambara. Ripoti zao zilichapishwa na serikali kwa ajili ya wabunge. Walioona watumwa wachache wakidai uhuru walisema kwamba wengi wameridhika na hali yao. Wakweka walioona idadi ileile walisema kwamba wengi wamezuiliwa.

Sijui somo lililo zuri zaidi kwa kidato cha tatu kuliko hili. Watu wawili wametazama kisiwa kimoja, katika miaka ileile, na idadi ileile ya waliokwenda mahakamani, nao wamefikia maneno yanayopingana. Mwalimu asiwaambie wanafunzi nani ni mkweli. Awape kwanza swali: kila mmoja alikuwa akimwandikia nani, na alitaka msomaji wake afanye nini?

Tukiuliza hivyo, Wakweka nao hawaponi. Nimekwisha kusema kwamba kijitabu huandikwa ili kishawishi. Msomaji wa Banani alikuwa Mwingereza wa tabaka la kati, mwenye senti za kutoa na kura ya kupiga. Ili atoe, ilimpasa aonyeshwe mtumwa mnyonge na mmisionari mwema. Ili asiogope, ilimpasa aambiwe kwamba mtu aliyewekwa huru ataendelea kufanya kazi, tena kwa bidii kuliko awali, na karafuu zitaendelea kufika sokoni. Ndiyo maana Marafiki walinunua shamba la mikarafuu, wala si kujenga kanisa tu. Banani lilikuwa hoja iliyopandwa ardhini: tazama, kazi ya ujira inalipa! Vibarua wa kupalilia, wachumaji wanaolipwa kwa pishi, wanawake wa kuchambua karafuu kutoka kwenye makonyo na kuzianika juu ya majamvi, wote walikuwa ushahidi wa hoja hiyo.

Naiheshimu hoja ile, maana iliwasaidia watu waliokuwa utumwani wakati ule, nao hawakuwa na muda wa kusubiri hoja bora zaidi. Lakini ina pengo ambalo sisi, tuliolelewa katika nchi iliyojadili sana habari za unyonyaji, hatuwezi kulipita kimya. Wakweka walimwuliza mtumwa kama yuko huru kumwacha bwana wake. Hawakuuliza vya kutosha ardhi ni ya nani. Mikarafuu ilipandwa na watumwa, lakini ilibaki mali ya makabaila. Aliyepata karatasi ya uhuru alirudi mara nyingi kwenye shamba lilelile, akapewa mahali pa kujenga na kulima mihogo yake, kwa sharti la kumfanyia mwenye shamba kazi siku kadhaa za juma. Serikali ilipenda mpango huo, kwa kuwa karafuu hazikukosa wachumaji. Mtumwa akageuka kuwa mtu wa kukaa kwa hisani juu ya ardhi ya mwingine. Suala hilo la ardhi halikutatuliwa na amri wala na kijitabu. Lilikuwa bado linangoja yalipofika Mapinduzi ya Januari 1964.

Na sasa nifike kwa mwanafunzi wangu wa Songwa, ambaye bado anangoja jibu.

Katika kumbukumbu za visiwani na pwani za miaka ile utakuta majina ya makabila: Wayao, Wanyasa, Wamanyema, Wazaramo, Wanyamwezi. Majina hayo msiyasome kana kwamba kila mtu alijitaja mwenyewe. Mtu wa pwani alizoea kumwita Mnyamwezi kila aliyetoka upande wa machweo ya jua akiwa amebeba mzigo begani. Wengi walioitwa hivyo wangeitwa leo Wasukuma. Na jina Wasukuma nalo, asili yake ni kuelekeza upande tu: kwa majirani zao wa kusini, sukuma ni kaskazini, kama dakama ilivyo kusini. Mtu aliyetoka kando ya mbuga zetu, akafika Bagamoyo na msafara wa pembe, akavuka kwenda Unguja, aliandikwa Mnyamwezi. Hapakuwa na nafasi katika daftari ya kuandika ukoo wake, mtemi wake, wala kijito alichokunywa maji utotoni.

Wala si wote waliofika kwa minyororo. Hili nalo ni la kusahihishwa. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa upagazi, wakisafiri kwa ujira na kurudi makwao kulima. Baada ya amri ya 1897, wenye mashamba walipoanza kukosa watu wa kupalilia, watu wa bara walikwenda visiwani kwa hiari kufanya kazi ya ujira, na Wanyamwezi walikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo neno moja, Mnyamwezi, katika karatasi za miaka michache tu, laweza kumwonyesha mtumwa wa zamani, mpagazi aliyelowea, au kibarua aliyekuja kwa msimu akiwa na shabaha ya kununua ng'ombe. Asiyejua tofauti hiyo atawatia wote katika kapu moja la huzuni.

Huku bara, chini ya Wajerumani, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Hawakutoa amri ya kufuta utumwa. Waliamua tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru, wakauacha utumwa ufe pamoja na wazee. Sheria ya kuukomesha kabisa Tanganyika ilitungwa na Waingereza mwaka 1922, yaani miaka 25 baada ya amri ya Zanzibar. Wakati wote huo hapakuwa na Banani ya bara. Hapakuwa na Burtt wa kukaa karibu na boma na kuandika nani amekataliwa. Hivyo kimya cha karatasi za bara kisidhaniwe kuwa ni dalili ya heri.

Upande wa Kenya Wakweka walikuja kwa njia tofauti kabisa. Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi, wakaanzisha misheni ya kazi za mikono katika nchi ya Waluhya. Huko walipata wafuasi wengi, wakatafsiri na kuchapa kwa Kiluragoli, na mwaka 1946 waumini wa Afrika Mashariki wakawa na mkutano mkuu wao wenyewe. Kenya leo ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Pemba, kisiwa cha Waislamu, haikuwafuata hivyo. Wafuasi walikuwa wachache. Yaani kwa hesabu ya kanisa, Banani ilikuwa kazi ndogo. Kwa hesabu ya karatasi ni kazi kubwa.

Karatasi zenyewe zimegawanyika. Za serikali ya Zanzibar na za makonseli zimehifadhiwa katika jumba la nyaraka la Kilimani, mjini Unguja. Za Marafiki wa Uingereza ziko katika maktaba yao London, mahali paitwapo Friends House. Hivyo shauri moja la mtu mmoja wa Pemba laweza kuwa na jibu Unguja na lalamiko lake likawa Ulaya. Mtafiti wetu hulazimika kuomba viza ili akasome habari za nyumbani. Huku bara, sheria ya Nyaraka za Taifa ya mwaka 1965 iliweka msingi wa kuhifadhi maandishi ya serikali. Lakini sheria haiwezi kuingia ndani ya sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha mzee.

Na masanduku hayo yapo. Mgodi wa Mwadui, na kabla yake ule wa dhahabu wa Geita uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, iliajiri maelfu ya watu, na kila mmoja aliandikwa na karani fulani. Vyama vya ushirika vya pamba vilitoa stakabadhi kwa kila mkulima aliyepeleka mzigo wake kwenye mizani. Shule za msingi zilikuwa na daftari za mahudhurio. Nimewahi kuwaomba wanafunzi wangu walete darasani karatasi iliyo kongwe kuliko zote nyumbani kwao. Wengi walileta kadi za kliniki za mama zao. Mmoja alileta kipande cha kazi cha babu yake, kimeliwa na mchwa pembeni.

Tulikisoma pamoja. Jina la babu lilikuwa limekosewa herufi mbili, na mahali pa kabila pameandikwa neno ambalo familia haikulikubali. Mwanafunzi akauliza kama asahihishe kwa kalamu. Nikamwambia asiguse, bali achukue karatasi nyingine, aandike jina kama babu mwenyewe alivyolitamka, aliyemsimulia ni nani na siku gani, kisha azifunge zote mbili pamoja.